KOSA LIRUDIWE: UCHORAJI WA WINO NA MAFUNZO YA SANAA THIKA NA RUIRU

Utangulizi

Wahenga walisema kwamba kufanya kosa si kosa, bali kosa ni kurudia kosa. Methali hii imezoeleka mno madarasani kiasi kwamba ni nadra kumsikia mtu akiihoji. Hata hivyo, ipo sanaa moja ambayo mwanagenzi wake hawezi kupiga hatua yoyote ya maana asipothubutu kuikaidi. Sanaa yenyewe ni uchoraji wa wino, hususan ule unaotegemea mguso wa papo hapo wa brashi. Katika uchoraji huo, mchoraji hatangulizi mistari ya penseli, hana ufutio, wala hajui kwa yakini picha yake itaishia wapi. Tone la wino likishaangukia karatasi, limeanguka. Maji yakimwagika hayazoleki, na wino hali kadhalika. Kinachobaki ni kulitazama tone lile na kuamua la kufanya nalo.

Makala haya yanashikilia kwamba mafunzo ya sanaa katika shule na vyuo vya Thika na Ruiru yanafaa kuanza kwa majaribio huru ya wino kabla ya mwanafunzi kuwekewa kielelezo cha kunakili. Yanashikilia pia kwamba uhuru huo hautazaa tunda pasi na nidhamu ya kurudia. Jambo hili linawahusu wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili kwa sababu mbili. Kwanza, mgogoro kati ya uhuru na kanuni ni ule ule uliotikisa taaluma ya ushairi wa Kiswahili kwa miongo kadhaa. Pili, sanaa yoyote inayofundishwa huhitaji lugha ya kuifundishia na kuihakikia.

Wala suala hili si la anasa. Katika mageuzi ya mtaala ya mwanzoni mwa miaka ya 2000, Sanaa na Ufundi liliondolewa katika orodha ya masomo yaliyotahiniwa katika KCPE. Kila aliyepitia mfumo wa 8-4-4 anajua hatima ya somo lisilotahiniwa: kipindi chake hugeuzwa kuwa kipindi cha ziada cha Hisabati. Mtaala wa umilisi, uliosambazwa kote nchini kuanzia mwaka 2019, umeirejesha sanaa darasani. Mwaka 2026 kundi la kwanza la mtaala huo liliingia Gredi ya 10, ambako Sanaa na Sayansi ya Michezo ni mojawapo ya mikondo mitatu. Mlango umefunguliwa. Swali lililopo ni nini kitakachofundishwa ndani, na kwa njia gani.

Thika na Ruiru, miji miwili ya Kaunti ya Kiambu iliyounganishwa na barabara kuu ya Thika, inafaa sana kulijaribia swali hili. Ni eneo lenye shule nyingi. Mjini Thika kuna Chuo Kikuu cha Mount Kenya, na kabla ya kuifikia Ruiru kutoka Nairobi kuna Chuo Kikuu cha Kenyatta, ambako Kiswahili na sanaa za uchoraji hufundishwa katika bewa moja. Aidha, kama itakavyobainika, ardhi ya eneo hili imejaa malighafi za wino.

Doa Kama Mwalimu

Inafaa kwanza kuielewa tabia ya wino. Wino mzito ukiwekwa juu ya karatasi kavu huacha alama yenye kingo kali. Wino uo huo ukidondoshwa juu ya karatasi iliyolowa hutawanyika na kutoa mizizi, na umbo lake hutegemea kiasi cha maji, aina ya karatasi na mwinamo wa meza. Ukizimuliwa kwa maji, wino mmoja mweusi huzaa vivuli vingi vya kijivu. Wachina wa kale walikuwa na msemo kwamba wino una rangi tano. Brashi iliyokaribia kukauka ikipitishwa kwa kasi huacha mikwaruzo yenye mapengo meupe, na mapengo hayo huweza kuwa mng'ao wa maji au upepo majanini. Hakuna kitabu kiwezacho kumwambia mwanafunzi ni maji kiasi gani yanatosha. Mkono wake ndio utakaojua, nao utajua baada ya kukosea mara thelathini.

Hapa ndipo methali ya wahenga inapopinduka. Mwanafunzi aliyemwaga maji kupita kiasi akapata doa linalofanana na wingu bado hajajua kuchora wingu, amebahatisha tu. Ili ajue, sharti alirudie kosa lile kwa makusudi, mara ya pili, ya tano, ya kumi, huku akipunguza maji hapa na kuinamisha karatasi pale. Afikapo mara ya kumi na tano, lile lililokuwa kosa limegeuka msamiati wake. Anaweza kuliita likaitika.

Wazo hili lina historia ndefu. Katika miaka ya 1780, mchoraji na mwalimu Alexander Cozens alichapisha nchini Uingereza kitabu kilichowaelekeza wanafunzi waanze picha za mandhari kwa madoa ya wino yaliyopigwa upesi, kisha wayatazame madoa hayo na kuyachomozea vilima, miti na mawingu. Ikumbukwe kwamba Cozens hakuhubiri fujo. Alimtaka mwanafunzi ashike akilini taswira ya jumla ya mandhari, halafu auachie mkono utende bila kuhangaikia kila kijani na kila kijiwe.

Mfano mwingine utawavutia zaidi watu wa fasihi. Victor Hugo, mwandishi mashuhuri wa riwaya wa Ufaransa, aliacha michoro ipatayo 4,000, mingi ikiwa ya wino. Katika miaka yake ya uhamishoni visiwani Jersey na Guernsey, Hugo aliuchanganya wino na machicha ya kahawa na masizi, akakunja karatasi yenye wino mbichi ili aone doa litafunguka vipi, na humo akatoa ngome, bahari na dhoruba. Hakuwa mwanafunzi wa shule yoyote ya uchoraji. Alijifunza kwa kujaribu, na vifaa vyake vilikuwa vile vilivyokuwa mezani pake.

Kunakili na Kubuni Katika Afrika Mashariki

Pengine msomaji atasema kwamba hayo ni ya Ulaya. La hasha. Mjadala kuhusu kunakili na kubuni una mizizi katika Afrika Mashariki yenyewe. Margaret Trowell, aliyeanzisha mafunzo ya sanaa huko Makerere katika miaka ya 1930, hakupendelea kuwawekea wanafunzi wake vielelezo vya Ulaya. Njia yake iliyojulikana sana ilikuwa kuwasimulia kisa, kisha kuwaacha wakichore jinsi walivyokiona mawazoni. Alipostaafu mwishoni mwa miaka ya 1950, Cecil Todd aliyemrithi aliimarisha mafunzo ya kitaaluma: nadharia ya rangi, historia ya sanaa ya dunia, na uchoraji wa kutazama kitu kilichopo.

Kila upande ulikuwa na hoja. Njia ya Trowell ilichochea ubunifu, lakini wahakiki wameishutumu kwa dhana iliyojificha ndani yake, kwamba Mwafrika ana kipawa cha asili ambacho maarifa mapana yangekichafua. Njia ya Todd nayo iliwapa wanafunzi maarifa waliyokuwa nayo wenzao kwingineko duniani, ila ilibeba hatari ya kuwafanya waone kwa macho ya wengine. Darasa la leo halipaswi kuchagua mmoja na kumtupa mwenzake. Linapaswa kuuliza ni kipi kitangulie.

Aliyeitetea nafasi ya ubunifu kwa ukali usiosahaulika ni Elimo Njau, mzaliwa wa Kilimanjaro aliyesomea Makerere chini ya Trowell. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alichora michoro mikubwa ya ukutani katika kanisa la Mtakatifu Yakobo mjini Murang'a, kaskazini mwa Thika, akayahamisha maisha ya Kristo kutoka Palestina na kuyaweka katika mandhari ya nchi ya Wakikuyu. Mwaka 1965 alikuwa miongoni mwa walioanzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa jijini Nairobi. Jina hilo lenyewe ni mchezo wa maneno ambao mwanafunzi yeyote wa isimu ataufurahia: paa ni mnyama wa porini, na paa ni kupanda juu angani. Kauli mbiu iliyomtambulisha Njau ni kwamba kunakili humlaza Mungu usingizi.

Kauli hiyo ingefaa kutafakariwa katika kila darasa la sanaa la Thika na Ruiru. Mazoea yanayofahamika ya kufundisha sanaa ni mwalimu kuchora chungu ubaoni, wanafunzi wakachora chungu kile kile, na alama zikatolewa kwa kadiri ya mfanano. Zoezi la namna hiyo lina faida yake. Tatizo ni kwamba likiwa la kwanza, na mara nyingi likiwa la pekee, humfunza mtoto kwamba picha sahihi ipo tayari mahali fulani nje yake, na kazi yake ni kuifikia. Aliyezoea hivyo hupewa karatasi tupu akaduwaa. Si kwamba hana la kusema. Hajawahi kuulizwa.

Je, Uhuru Ni Uvivu?

Wapo watakaopinga, na hoja yao ni nzito. Watauliza: kama kila doa ni halali, ni nani atakayekosea? Na kama hakuna anayekosea, mwalimu ana kazi gani? Mtoto yeyote aweza kumwaga wino na kuuita usanii.

Wasomaji wa jarida hili wamewahi kuisikia hoja hii katika uwanja mwingine. Mwaka 1954 Kaluta Amri Abedi alichapisha sheria za kutunga mashairi, akaziweka bayana mizani, vina na utoshelezi wa beti. Miaka 20 baadaye, mwaka 1974, Euphrase Kezilahabi alichapisha diwani ya Kichomi, na wanajadi wakauliza iwapo tungo zisizo na vina zilistahili hata kuitwa mashairi. Leo diwani hiyo inasomwa vyuoni bila mtu kutahayari. Muda umeonyesha kwamba tungo huru zilizodumu ni zile ambazo watunzi wake walijua vyema walichokuwa wakikiacha. Kithaka wa Mberia, anayeyatawanya maneno juu ya ukurasa hadi shairi likawa pia picha, hafanyi hivyo kwa kushindwa na mizani. Kila pengo analoliacha lina kazi.

Fasihi simulizi inatoa jibu lililo wazi zaidi. Malenga anayejibu shairi la mshindani wake papo hapo, mbele ya hadhira, huonekana kana kwamba anachota maneno hewani. Kwa hakika hachoti hewani. Mizani na vina vimekwisha kuingia damuni mwake kwa miaka ya kusikiliza na kujaribu. Albert Lord, katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 1960 kuhusu watambaji wa tendi wa Yugoslavia, alionyesha kwamba mtambaji hakariri utendi neno kwa neno, wala haubuni wote upya. Huutunga jukwaani kwa kutumia fomula alizozizoea tangu ujana. Upapo hapo, kwa maneno mengine, ni tunda la mazoezi marefu yasiyoonekana.

Katika uchoraji wa wino hali ni hiyo hiyo. Yapata karne ya 6, mhakiki wa Kichina Xie He aliorodhesha kanuni sita za uchoraji. Ya kwanza ni uhai na mwendo wa roho ndani ya picha. Ya sita na ya mwisho ni kunakili kazi za waliotangulia. Mpangilio huo wenyewe ni hoja. Kunakili hakukufutwa, lakini hakukuwekwa mlangoni. Naye Sesshū Tōyō wa Japani alipochora mandhari yake mashuhuri ya wino wa kurushwa mwaka 1495, akampa mwanafunzi wake, alikuwa mzee wa zaidi ya miaka 70. Miguso michache ya brashi inayoonekana kama ajali ilibeba maisha mazima ya kushika brashi.

Karibu zaidi na Afrika Mashariki, Ibrahim El-Salahi wa Sudani anathibitisha ukweli huo kwa njia ya pekee. El-Salahi alizaliwa Omdurman mwaka 1930, na babake aliendesha chuo cha Kurani, kwa hiyo herufi na wino vilimlea tangu utotoni. Baada ya kusomea uchoraji London katika miaka ya 1950, alirejea nyumbani na kuonyesha picha zake Khartoum. Watu hawakuvutiwa. Badala ya kuilaumu hadhira, alirudi kwenye herufi za Kiarabu alizozijua udogoni, akazivunja na kuzifungua hadi zikaanza kutoa sura za watu, wanyama na vivuli. Mwaka 1975 alitiwa kizuizini bila kushtakiwa, akakaa katika gereza la Kober kwa miezi sita. Humo alichora kwa siri juu ya vipande vidogo vya karatasi na kuvifukia mchangani ili askari wasivione. Alipotoka, aliendelea kukuza picha za wino mweusi na mweupe kwa mtindo huo wa vipande: alianza na kipande kimoja, akaongeza cha pili pembeni, na cha tatu, bila kujua picha nzima itakuwaje. Kazi yake kubwa ya miaka ya 1984 na 1985, inayojulikana kwa Kiingereza kama The Inevitable, ina vipande tisa vilivyoungwa. Nani atathubutu kuuita uhuru huo uvivu?

Wino Uko Mlangoni

Pingamizi la pili husema kwamba sanaa hii ni ngeni na vifaa vyake ni ghali. Mwanafunzi wa Kiswahili ndiye wa mwisho anayefaa kulikubali pingamizi hilo. Watunzi wa tenzi za kale walikuwa na desturi ya kuanza kwa kuagiza waletewe wino, kalamu na karatasi, kabla hata ya kuanza kusimulia. Katika vyuo vya Kurani vya pwani, mtoto aliandika ubaoni, akasoma, akaosha, akaandika tena. Yaani kurudia ndiko kulikokuwa elimu yenyewe. Miswada ya Lamu, Pate na Siyu inashuhudia kwamba Waswahili waliutumia wino kwa karne nyingi, na waliutumia kwa urembo. Wino si mgeni katika utamaduni huu. Kilicho kigeni ni dhana kwamba sharti ununuliwe dukani ukiwa ndani ya chupa yenye nembo.

Hapa ndipo Thika na Ruiru zinapokuwa na utajiri usiotambulika. Ruiru ni kitovu cha utafiti wa kahawa nchini Kenya. Aina ya mbuni iitwayo Ruiru 11, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1985, imelibeba jina la mji huu mbali. Mitaa ya jirani, Kahawa Sukari na Kahawa Wendani, inaitunza kumbukumbu ya zao hilo hata pale mashamba yanapogeuzwa kuwa nyumba. Kahawa iliyochemshwa ikawa nzito hutoa rangi ya hudhurungi, hukolea kwa kila tabaka linaloongezwa, na huacha kingo nzuri inapokauka. Machicha yanayotupwa hotelini asubuhi yangetosha darasa zima kwa siku nzima. Ni kweli kwamba rangi ya kahawa huweza kufifia ikianikwa juani, lakini karatasi ya mazoezi haihitaji kudumu miaka mia.

Thika nayo ina hadithi yake. Miwati, iliyoletwa kutoka Australia na kupandwa kwa wingi katika Kiambu na Murang'a enzi za ukoloni, ilitoa magome yenye tanini ya kulainishia ngozi, na mjini Thika kulikuwa na kiwanda cha kuikamua tanini hiyo. Tanini ikikutana na chuma hugeuka nyeusi; wino uliotumiwa Ulaya kwa karne nyingi ulitegemea kanuni hiyo hiyo. Magome yaliyochemshwa, yakaachwa siku kadhaa na misumari yenye kutu, hutoa wino mweusi pasi na gharama. Masizi ya koroboi au ya sufuria, yakisagwa na kuchanganywa na gundi ya migunga inayovunwa kaskazini mwa Kenya, hutoa wino mwingine, mzito na wa kudumu. Somo la sanaa litakuwa limeingia Kemia na Historia bila mtu kutoka darasani.

Cha kuchora nacho kipo. Kwa Kichina, neno la picha za mandhari huundwa kwa maneno mawili: mlima na maji. Mji wa Thika umekaa palipo na maporomoko ya mito ya Chania na Thika, na mashariki yake kuna mlima Kilimambogo na maporomoko kumi na manne ya mto Athi. Maji yanayoporomoka hayamsubiri mtu achonge penseli. Mwanafunzi anayetaka kuyachora kwa wino analazimika kuyatazama kwa muda mrefu, kisha kutenda kwa sekunde chache. Hilo ndilo fundisho zima la sanaa hii.

Darasani na Katika Mtihani

Ingefaa basi mihula ya kwanza ya sanaa iandaliwe vipi? Mwanafunzi apewe kwanza karatasi za bei nafuu na wino, na aagizwe kujaza karatasi ishirini bila kuchora kitu chochote kinachotambulika: mistari ya wino mzito, mistari ya wino uliozimuliwa, matone juu ya karatasi kavu, matone juu ya karatasi iliyolowa. Baada ya brashi, ajaribu kijiti kilichotafunwa ncha, unyoya wa kuku, kitambaa, jani la mgomba, kipande cha sponji. Achore kwa mkono mzima kuanzia begani, kwani vidole pekee huzaa mistari yenye woga. Kisha azitandaze karatasi zote ishirini sakafuni, achague mbili, na aeleze kwa maneno ni kwa nini amezichagua. Wiki inayofuata ajaribu kuzipata alama hizo mbili tena, kwa makusudi. Baada ya hapo ndipo akaletewe kazi za akina Sesshū na El-Salahi, naye atazitazama kwa macho ya mtu aliyekwisha kupambana na wino. Hata akizinakili wakati huo, atanakili akiuliza maswali.

Suala la alama haliwezi kukwepwa, maana mwalimu wa Kenya huishi chini ya kivuli cha mtihani. Picha moja iliyochorwa kwa saa mbili katika chumba cha mtihani ni kipimo dhaifu cha umilisi wa wino, kwani doa moja baya laweza kumwangusha aliye hodari na doa moja zuri likampandisha aliyebahatisha. Mtaala wa umilisi umekwisha kulikubali wazo la jalada la kazi za mwanafunzi. Litumiwe kwa dhati. Mtahini aone majaribio yote, mabaya kwa mazuri, yakiwa na tarehe. Atafute dalili za kurudia kwa makusudi, na asome maelezo ya mwanafunzi kuhusu alichokigundua. Aliyebahatisha atajulikana mara moja, kwa sababu hataweza kuonyesha njia aliyoipitia. Kwa hivyo, wale wanaohofia kwamba uhuru utaondoa vigezo wana la kuwatuliza moyo: vigezo vitakuwepo, na vitakuwa vikali zaidi kuliko mfanano wa vyungu.

Wajibu wa Wanafunzi wa Kiswahili

Lakini mwanafunzi ataeleza alichokigundua kwa lugha gani? Hapa wanataaluma wa Kiswahili wana deni. Kitenzi kuchora hubeba mzigo mkubwa: mtu huchora kwa penseli, huchora kwa brashi, huchora ramani na huchora herufi. Walimu hulazimika kutofautisha uchoraji na upakaji rangi, na uchoraji wa wino unasimama mpakani mwa dhana hizo mbili. Hata hivyo, itakuwa makosa kudhani kwamba Kiswahili ni maskini katika eneo hili. Doa, waa, tone, mchirizi, mkwaruzo, kingo, ukungu, utando, kivuli. Kukolea, kufifia, kuzimua, kusharabu, kutawanyika: maneno haya yamo vinywani mwa watu, na kila moja laweza kutaja kitu mahsusi ambacho wino hukifanya juu ya karatasi. Yanachohitaji ni kutumiwa kwa uthabiti katika vitabu, darasani na katika uhakiki.

Mhakiki wa ushairi aliyezoea kutofautisha kina na mizani hawezi kushindwa kutofautisha mchirizi na mkwaruzo. Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vinaweza kuanza kwa jambo dogo: kuketi na wenzao wa idara za sanaa, kuzitazama kazi zao, na kuziandikia uhakiki kwa Kiswahili sanifu. Istilahi hukomaa zinapotumiwa kuzungumzia kitu kilichopo machoni. Zikisubiri kamati, hukauka.

Hitimisho

Wanafunzi walioingia Gredi ya 10 wakichagua sanaa ni wa kwanza kufanya hivyo chini ya mtaala huu. Wakifunzwa kunakili tangu siku ya kwanza, watamaliza wakiwa mafundi wa mfanano, katika zama ambazo simu ya mkononi huutoa mfanano huo kwa kugusa kidude mara moja. Wakiachwa wamwage wino bila kuulizwa lolote, watamaliza wakiwa na karatasi chafu na majivuno. Njia iliyotetewa hapa ni nyembamba kidogo kati ya hizo mbili: waanze kwa uhuru, warudie kwa nidhamu, kisha wakutane na mabingwa wakiwa na swali mkononi.

Walimu wa Thika na Ruiru hawana haja ya kungoja ruzuku ili waanze. Kahawa ipo, masizi yapo, misumari yenye kutu ipo. Kilicho adimu ni ruhusa ya kukosea, na hiyo ndiyo zawadi ambayo mwalimu huweza kuitoa bure. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kuchafuka kwa karatasi ndiko mwanzo wa uchoraji. Kosa na lirudiwe, hadi mkono ulifahamu.